Viganja vya Somo Mwajabu

Kunduchi nzima ilijua kwamba bi harusi ambaye hajasingwa na Mwajabu ameolewa nusu. Yeye ndiye somo wao: hukaa ndani na mwari juma zima, akimsugua liwa na singo mpaka ngozi inateleza, huku akimfundisha mambo ya ndoa yasiyosemwa mbele ya watu. Ila ngozi yake mwenyewe ilikuwa aibu tupu. Miguu imepauka, viganja vimechanika, na ukimpa mkono ungedhani umeshika msasa.

Si kwamba hapaki. Kabati lake lilijaa losheni, zote kazichagua kwa pua, maana somo asiyenukia ni somo gani. Akitoka kukaanga samaki alioga maji ya moto yanayofuka mvuke, akajisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia ili shombo litoke, kisha akajianika uani hadi akauke kabisa, ndipo apake. Ikimwasha, alisema dawa inafanya kazi.

Siku ya kwanza ya kumsinga Najat, mjukuu wa dada yake, mwari aliruka mkekani.

"Bibi, unanisinga au unaniparua magamba? Mie samaki?"

Mama yake Najat, Salma, akaona aongee kwa adabu. "Mama mdogo, wewe pumzika. Tutamwita yule somo wa Bunju."

Wa Bunju, ambaye singo yake hununua imeshasagwa dukani! Mwajabu aliumia. Lakini akasema, "Haya, aanze yeye. Siku ya mwisho niachieni mie."

Akaenda moja kwa moja duka la dawa kwa Kubra, akamwekea viganja juu ya kaunta. Kubra akavitazama, akaguna.

"Somo, sabuni ya kufulia iachie nguo. Oga maji ya uvuguvugu, usikae sana bafuni. Jifute juu juu, upake mafuta haya mwili ungali na unyevu. Ukienda kulala, viganja vipake tele uvivike soksi."

"Soksi za mikononi?"

"Soksi hizi hizi za miguuni."

Mwajabu akafungua kopo la mafuta mazito, akanusa, akanusa tena. "Mbona hayanukii kitu?"

"Ndiyo maana hayatakuwasha."

Alilala na soksi mikononi juma zima, akimlaani Kubra kila alipotaka kujikuna.

Siku ya mwisho ikafika. Alimsinga Najat mgongo, mabega, miguu, na mwari hakuruka. Alilala fofofo, mdomo wazi.

Dada yake Mwajabu, Bi Mwanabaraka, akainama na kunusa. "Mwajabu, mbona leo hunukii?"

"Dada, punguza sauti, utaniamshia mtoto," alijibu bila kuinua mikono. "Anayeolewa ni yeye. Mie nimeolewa mara tatu nikinukia, na wote wameondoka."