Maharagwe ya Barabarani

Mtangazaji wa redio alisema kwamba upande wa Mbeere amezaliwa mbuzi mwenye vichwa viwili. Nilifunga duka mapema nikaenda kumwona. Alikuwa na kichwa kimoja, na uvimbe chini ya sikio la kushoto. Mwenye mbuzi alikuwa amechoka kuwarudisha wageni langoni. Asubuhi iliyofuata, simu za wasikilizaji zilipofunguliwa, nilipiga nikaeleza hayo hewani, sikio la kushoto nikalitaja.

Chatu wa bwawani naye nilimfuata. Alikuwa kipande cha bomba jeusi la kumwagilia, na mwenye bomba alilitambua mbele yangu akaondoka nalo begani. Halafu ukaja mgomba uliotoa mkungu ubavuni badala ya juu, na mhubiri mmoja akausomea watu mwisho wa dunia. Huo ulikuwa kweli. Nilipiga simu kusema ni kweli, ila mgomba uliobanwa na kiangazi unaweza kufanya hivyo, kwa hiyo watu waendelee kulima.

Wateja wangu wa dawa za mifugo huniambia kwamba mimi ni mtu wa kupenda ukweli. Naupenda. Lakini sikuwa nikizunguka Embu nzima nikikagua mbuzi kwa ajili ya ukweli. Nilikuwa namtafuta mtangazaji.

Mama yangu ana shamba nje kidogo ya Kanja, kando ya njia inayoteremka kwenye kiwanda cha kahawa. Siku moja greda lilikuja kupanua ile njia, likachukua kipande cha shamba na mikahawa iliyokuwa juu yake. Hakuna aliyemwuliza. Alikwenda ofisini kulalamika, akaambiwa asubiri. Alisubiri hadi mvua ikanyesha, akapanda maharagwe kwenye kile kipande, mistari iliyonyooka, mpaka pale magurudumu yanapopita. Nilimwuliza kama anadhani yatakomaa. Akasema, "Wakikanyaga, wakanyage wakijua ni yangu."

Habari hii ilimfikia mtangazaji, sijui kwa njia gani, akaisoma katika vituko vyake vya asubuhi. Alisema kuna shosho, bibi kizee, amesahau shamba lake linaishia wapi, sasa analima barabara. Akauliza kama atawawekea kuku wake alama za kuvukia. Watu wakapiga simu kuongeza mizaha yao. Habari ya greda hakuitaja. Nilipompata hewani kumweleza, aliniambia, "Mzee, hapa tunacheka tu. Malalamiko peleka kwa mwakilishi wa wodi," kisha akaikata simu.

Wiki ile mama alirudi ofisini. Karani alimsemesha polepole, kwa sauti ya juu, akamwuliza ameletwa na nani. Akaambiwa malalamiko yake yatasikilizwa akija na watoto wake pamoja na barua ya daktari ya kuthibitisha kwamba akili zake ziko sawa. Alifika nyumbani akaketi jikoni bila kufungua kitambaa cha kichwa. Akaniuliza, "Kwani nimekuwa mwendawazimu lini, na nyinyi hamkuniambia?"

Kesho yake nikaanza na mbuzi.

Kila nilipomaliza kusahihisha kituko, nilimalizia kwa maneno yaleyale: yule mama wa Kanja hakusahau mpaka wake, aliyesahau ni dereva wa greda. Mtangazaji akajifunza kunikata kabla sijafika hapo. Nami nikajifunza kuanzia hapo. Alipoizoea namba yangu akawa haipokei, niliazima simu za wateja. Baadaye mwanamke mmoja anayenunua kwangu chanjo ya kuku alinieleza kwamba kwao hawasikilizi tena vituko. Wanamsubiri mzee wa mbuzi.

Jumamosi moja mtangazaji alikuja mwenyewe dukani, na mkate, sukari na mafuta ya kupikia. Alikuwa kijana mwembamba kuliko sauti yake, na viatu vya ngozi vilivyochongoka.

"Mzee, hata mimi nimeandikwa kazi tu," alisema. "Bosi anauliza kama nasoma uongo. Si tumalize hii maneno?"

Nilimwambia maneno si yangu, nikampeleka kwa mama. Tulimkuta barabarani akipalilia. Alipokea mkate na vile vingine kwa heshima, akaviweka kivulini.

"Shosho, nilikuwa nachekesha watu tu," kijana alisema.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Hata ofisini walicheka." Mama akamnyooshea jembe. "Shika. Palilia mpaka pale kahawa yangu ilikuwa."

Kijana akaniangalia. Sikumsaidia. Akaanza kulima, na udongo mwekundu ukavifunika vile viatu. Mama alimfuata nyuma. "Hilo ni haragwe, kijana. Magugu ni hayo mengine." Watu wa pikipiki waliotoka kiwandani walisimama. Mmoja aliitambua sauti ile ilipoomba maji, wakatoa simu wakapiga video.

Jumatatu aliisoma habari ya greda yote, bila kicheko. Mama akaitwa ofisini, na safari hii hakuna aliyetaja daktari. Mpima ardhi amekwisha kuja mara moja. Shauri bado linaendelea, lakini linaendelea kwa jina lake, kama la mtu mwenye akili timamu.

Ile video ilikuwa imefika Meru Jumamosi ileile kabla ya jua kutua. Watu wakasema mtangazaji amerukwa na akili. Wengine wakasema amefutwa kazi, au amerogwa na ajuza wa Kanja na sasa analima mashamba ya watu bila kujijua. Katika hayo hakuna lililokuwa kweli, na katika kaunti nzima mimi ndiye niliyeweza kusema hivyo nikaaminiwa. Simu ilikuwa mfukoni, na chaji ilikuwepo. Nilifungua duka nikaendelea kuuza dawa za kupe.