Kisasi cha Italia Kilivyokwama Mgeta

Waluguru wenzangu, leo mmenikomesha.

Siku ya kwanza ya banda langu la video hapa Mgeta, nimeweka filamu ya zamani ya Kiitaliano. Kijana wa kijijini analipiza kisasi cha baba yake aliyeuawa. Natafsiri mwenyewe kwa maiki.

Babu mmoja akanikatiza. "Baba si ukoo wake. Wapwa wa marehemu wako wapi?"

"Shikamoo babu. Hiyo ni Italia."

"Marahaba. Kwani Italia hawana ukoo wa mama?"

Watu wakaanza kuinuka. Wakiondoka leo hawarudi tena, basi nikatangaza kijana ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Wakatulia.

Mwishoni kijana akajilaza mapajani kwa mama yake, mjane wa marehemu.

"Kwa mke wa mjomba wake?" bibi mmoja akauliza.

Wote wakatoka, nimebaki na jenereta.

Kesho naweka mpira. Kuna mwenye pingamizi la ukoo?