Neno Alilobakiwa Nalo Baba

Baba yangu, Adelino, alivuka Ruvuma akiwa kijana, akapanda mikorosho kijijini Ziwani kwa mikono yake. Mimi nilipalilia naye tangu nikiwa msichana. Katika ukoo wetu wa Kimakonde mali ya mtu humwendea mpwa wake, lakini miti aliyoipanda mwenyewe anaweza kumpa amtakaye, mradi aseme kwa mdomo wake mbele ya mashahidi. "Msimu huu korosho zikianguka, nitaita watu niseme ni yako," baba aliniahidi. Huo ulikuwa mwaka 1971. Wakati wa palizi kiharusi kikamwangusha shambani.

Kilimwachia mkono wa kushoto na neno moja tu, ndiyo. Unataka uji? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Akili yake ilikuwa nzima, mdomo ndio uliomgomea. Mimi niliyemwogesha na kumlisha nilijifunza kumwelewa: akikataa jambo, aligeuzia uso ukutani huku akisema ndiyo. Kwa miezi minane Inasio, mpwa wake, aliyefanya kazi bandarini Mtwara, hakuja hata kumjulia hali. Eti kazi nyingi, utadhani meli zote za nchi hii alizipakua yeye peke yake.

Alikuja korosho zilipoanza kuanguka, amevaa shati jipya, ameongozana na wazee wawili wa ukoo. Wakaketi mkekani.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Inasio. "Ile mikorosho yako unaniachia mimi?"

"Ndiyo," akasema baba, akageuzia uso ukutani.

"Amekataa," nikasema. "Mtazameni uso."

"Sisi tumesikia kwa masikio yetu," akajibu mzee mmoja.

Hasira zikanipanda. Nikapiga magoti mbele ya baba.

"Baba, wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mimi Zulmira nilishakufa?"

"Ndiyo," akasema, machozi yakimtoka.

Nilidhani nimewaweza. Kumbe nimejimaliza mwenyewe. Yule mzee aliinuka akikung'uta msuli wake.

"Binti, unamdhihaki mzazi wako mbele za watu? Mtoto wa namna hii ndiye wa kupewa miti?"

Wakaondoka. Inasio alibeba na pakacha la korosho nilizookota asubuhi ile, bila haya.

Tulipobaki wawili, baba alinishika kwa mkono wake mzima. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," alisema, akihangaika na ulimi. Nilijua ananiomba radhi, na nilijua hana kosa. Lakini nilikuwa na uchungu, na aliyekuwa karibu ni yeye.

"Nyamaza," nikamwambia. "Hiyo 'ndiyo' yako imenimaliza. Nisiisikie tena."

Akanyamaza. Aliishi miaka mitatu zaidi, nikimlisha, nikimwogesha, nikimsihi aseme, na neno lile hakulitamka tena.