Nyanya za Kuuza

Harufu ya maji ya sabuni yaliyolala naitambua kwa mbali hadi leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya shamba letu, nje kidogo ya mji wa Wote, chini ya mabwawa ya majitaka ya chuo kimoja. Maji yalipita bwawa hadi bwawa, yakaonekana safi kwa macho, kisha yakaingia mtaro uliopita mpakani mwetu. Afisa wa kilimo alitueleza vizuri tu kwamba yamesafishwa kiasi cha kunywesha miti na majani ya ng'ombe, ila tusimwagilie chochote kinacholiwa kibichi. Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama yetu kwa Kikamba, alimpa chai na kumshukuru. Lakini mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na mbaazi zilikauka zikiwa na maua.

Basi akaligawa shamba. Matuta machache ya mlangoni aliyanywesha maji tuliyochota kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka, na nyanya zake zilikuwa ndogo, zimekunjamana. Hizo zilikuwa za kula. Za mtaroni zilinona zikameta, nazo zilikuwa za kuuza. Kabla ya kuchuma ilibidi tuulize, "Za kula ama za kuuza?" Sikuwahi kujiuliza wanunuzi wanazifanyia nini.

Jumapili ya mavuno kila mtu alipeleka kanisani alichojaliwa, na baada ya ibada vitu vikanadiwa. Mwaitu aliona haya kubeba zile zilizokunjamana. Alijaza beseni nyanya za mtaroni, akazisuuza kwa maji yale yale ili zing'ae. Zilipiganiwa. Mzee wa kanisa aliyeshinda mnada alifanya kama ilivyo desturi, akazitoa zawadi: ziwe za watoto wa Sunday School. Tukapanga mstari. Mdogo wangu Mwende, wa miaka minne, alikuwa mbele yangu. Nilimtazama Mwaitu pale kwa akina mama, naye akanitazama. Nilingoja aseme neno. Watu walikuwa wakimpigia makofi. Mwende akauma yake, majimaji yakamtiririka kidevuni. Yangu niliitia mfukoni.

Watoto kadhaa waliumwa tumbo wakapona. Mwende alishikwa na homa iliyokataa kushuka, hospitalini wakasema ni taifodi, na tukamzika kabla mvua haijarudi. Daktari alisema huenda aliupata ugonjwa kwenye maji ya mtoni. Hakuna aliyejua kwa hakika. Mimi nililishikilia neno hilo la daktari miaka mingi kwa sababu lilinifaa. Mwaitu hakulitaja hata mara moja. Aling'oa kila mche wa mtaroni kwa mikono yake.

Siku hizi mabwawa yale yamejengwa upya na maji yake hupimwa. Nina michungwa inayonyweshwa kwayo, kwa mipira ya matone inayolaza maji kwenye mizizi bila kugusa tunda. Kanuni nazijua zote na ninazifuata, na nawapa watoto wangu machungwa yale bila wasiwasi. Nyanya za nyumbani nazimwagilia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Mwezi uliopita Mwaitu alikuja kunitembelea, nikamwandalia kachumbari. Aliitazama sahani.

"Hizi ni za kula ama za kuuza?"

Nikamwambia ni za kula, Mwaitu, nimezikuza mwenyewe. Aliisukuma sahani taratibu hadi upande wangu.

"Siku ile yako hukuila," akasema. "Nilikuona ukiificha."