Kikombe cha Mwalimu wa Historia

Nilifundisha historia katika shule moja ya kimataifa mjini Riyadh, na hakuna aliyejua kwamba nyumbani Kenya nilikuwa padri. Niliwania ubunge, askofu akanisimamisha kazi ya altareni, kisha wapiga kura nao wakanikataa. Sikujuta kuwania, na sijuti hata leo. Lakini katika chumba changu mtaani Al-Shumaisi nilikuwa mpweke hadi nikaanza kuongea na feni.

Muhula ule tulifika kwa kasisi mmoja Mkatoliki wa Ulaya aliyeongoza taifa lake kati ya vita viwili vikuu. Kwenye picha ya kitabu, msalaba wake wa kifuani ulikuwa umepakwa wino mweusi na wakaguzi wa vitabu. Nilieleza safari yake ya siasa kwa sauti kavu, kana kwamba hainihusu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Alipokuwa kiongozi, yeye mwenyewe alikuwa anamweleza nani shida zake?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hilo haliko kwenye mtihani. Swali lilikuwa limeniuma.

Darasa lilipobaki tupu nikamaliza chai yangu. Nikatia maji kidogo kikombeni, nikayazungusha, nikayanywa, kisha nikakipangusa ndani kwa leso niliyoikunja vizuri. Mhudumu wa chai, Mkenya mwenzangu kutoka Kisii, alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Nilitumikia altareni nikiwa kijana," akasema. "Hivyo ndivyo padri husafisha kalisi, kikombe cha misa. Wewe ni Fada."

Nilitaka kukana, lakini leso ilikuwa bado mkononi mwangu.

Akaweka sinia chini. Mama yake alikuwa amezikwa juzi, na kafili, mwajiri aliyemdhamini, alikuwa amemnyima ruhusa ya kusafiri. "Nisomee misa, Fada. Hata fupi."

"Siruhusiwi. Askofu alinisimamisha. Hapa mimi ni mwalimu tu."

Nilidhani ataondoka akinidharau. Badala yake akafunga mlango, maana ibada ya Kikristo ilikatazwa nchini humo, akajibana kwenye dawati la mbele. "Basi tuombe kama watu wa kawaida."

Akaningoja nianze. Mwishowe akaanza yeye, sala za marehemu, na mimi nikawa naitikia. Miaka yangu yote ya upadri watu ndio walioniitikia. Nililia bila aibu.

Kengele ilipolia akafuta macho, akafungua mlango na kusema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Shukran, mwalimu."

Alikuwa ananilinda, nilijua. Lakini nilitamani aniite Fada mara moja tu tena.