Ukuta wa Tarehe Ishirini na Nane

Noreen Hesketh alikuwa amefundisha uashi kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuacha ukuta hata mmoja umesimama. Si kwamba kazi haijui. Mama huyu alishika mwiko akiwa na miaka kumi na saba, enzi ambazo mafundi wa Ramsclough, mji wake wa vilimani, walimpigia miluzi kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, naye akawajibu kwa matofali mia sita kwa siku, yamenyooka. Ila chuo ni chuo. Wanafunzi hujenga kwa mota ya mchanga na chokaa bila saruji, ili Ijumaa saa tisa ukuta ubomolewe, matofali yakwanguliwe, Jumatatu yaanze upya. Kuna matofali pale yameshapita mikono mingi mpaka pembe zimelainika kama sabuni ya kuogea.

Haya, jenga ubomoe, jenga ubomoe, mwisho wake nini? Mwisho wake mwanafunzi anamaliza kozi, anaambiwa cheti cha fundi kamili hakitoki mpaka aonyeshe ukuta wa kweli aliojenga mahali pa kweli. Akienda huko mahali pa kweli, anaambiwa getini hapiti bila kadi ya fundi, na kadi haitoki bila cheti. Sasa mtu afanye nini, ajenge hewani? Gareth Duxbury, mmoja wa wanafunzi wanane wa mwaka ule, alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa amewabebea wenzake matofali miaka ishirini, na kwenye karatasi bado alikuwa mbebaji tu. Safari hii mkandarasi mmoja alimwahidi kazi ya uashi kuanzia Mei, mradi aje na kadi mkononi.

Dawa Noreen aliiona kwenye klabu ya wazee wanaoviringisha mipira ya mbao juu ya nyasi. Ukuta wao wa upande wa barabara ulikuwa umelala chini tangu mvua za mwaka juzi, na klabu haikuwa na kitu. Nchini kwao kuna mfuko ambao makampuni ya ujenzi huuchangia kwa lazima ili watu wafundishwe kazi. Noreen akaona hapo hapo: mfuko utoe vifaa, wanafunzi wajenge, wazee wapate ukuta, wanane wapate vyeti. Na yeye, ambaye Julai alikuwa anastaafu, aache kitu kimoja kimesimama. Jambo jepesi kabisa.

Jepesi! Aliomba mwezi wa nne wa mwaka uliotangulia. Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Swali mojawapo liliuliza mradi utabadilishaje mtazamo wa jamii kuhusu ajira za ujenzi, naye akaandika, "Watauona ukuta." Fomu ikarudishwa, jibu lisipungue maneno mia tatu. Akaandika hayo mia tatu, kwa hasira, usiku na mchana, mpaka mumewe akawa anakula maharage ya kopo. Miezi tisa ikapita. Kibali kikaja tarehe kumi na mbili Januari, na masharti: kazi iishe kabla ya Machi kwisha.

Januari, jamani, kwenye vilima vile! Mwashi yeyote anajua kwamba kipimajoto kikiwa chini ya nyuzi tatu hugusi mota, itaganda na kupasuka. Wiki nane walikaa ndani ya banda la klabu wakikitazama kipimajoto kupitia dirishani kama watu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Mzee Wilf Ogden, mwenyekiti wa klabu, miaka themanini na minne, aliwanywesha chai mpaka matumbo yakajaa maji. Noreen alimpigia simu afisa wa mfuko, Tristan Pell, kuomba wasogezewe mpaka Mei. Kijana mwenye adabu, huwezi hata kumtukana. Akasema anaelewa sana, lakini mwaka wa fedha ni mwaka wa fedha. Watu wanaopanga kalenda hizi sijui kama wamewahi kutoka nje.

Barafu iliachia tarehe kumi na mbili Machi. Wakaingia kazini kama walioachiwa kutoka jela. Noreen alijitwika kazi ya kuchanganya mota mwenyewe, ili mikono ya wanafunzi wote wanane iwe kwenye matofali. Wazee walileta viti wakakaa kutazama, na Mzee Wilf, aliyemwita Noreen "binti" bila kujali mvi zake, alikuwa akipita na pimamaji lake la zamani akikosoa, ingawa maisha yake yote alikuwa muuza viatu. Ukuta ulikamilika tarehe ishirini na saba jioni. Kesho yake Tristan alifika na mpiga picha na kofia ngumu ambayo haijawahi kuona vumbi. Alihesabu watu, wangapi wanawake, wangapi chini ya miaka ishirini na mitano. Matofali hakuyagusa. Akatia sahihi, wakapiga picha, wote wakitabasamu.

Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Noreen alijenga ukuta, halafu akaenda kuutafuta ufa. Tarehe ishirini na tisa alikuwa akisafisha banda akakuta mifuko miwili ya saruji haijafunguliwa. Kwa hesabu yake hapakupaswa kubaki hata mmoja. Akahesabu tena. Akatoka na ufunguo wa gari, akakwangua kiungo cha kipande cha mwisho. Mota ikamwagika kama sukari. Siku mbili za mwisho, mbiombio, mikono yake ilikuwa imefanya ilichozoea miaka ishirini na miwili: mchanga, chokaa, maji. Hatua kumi na mbili za ukuta, kando ya njia ambayo watoto hupita kwenda shule.

Akampigia Tristan.

"Kwani umeanguka?" Tristan akauliza.

"Bado."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Utaanguka, baba. Majira mawili ya baridi, matatu yakizidi."

Kisha Tristan akasema, kwa adabu ile ile, kwamba mradi ukibomolewa ndani ya mwaka mmoja unahesabiwa umeshindwa, na vyeti vinafutwa. Kwa hiyo afadhali yeye Tristan ahesabu hakuipokea simu hiyo.

Noreen aliwaita wanafunzi wote wanane akawaambia kila kitu, na kwamba kosa ni lake, si la mtu mwingine. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alisema hatawalazimisha, maana vyeti ni vyao. Wote wakamgeukia Gareth, kwa sababu wote walijua habari ya Mei.

Gareth aliutazama ukuta muda mrefu. "Kila Ijumaa tunabomoa, Mwalimu," akasema. "Mkono umeshazoea."

Akachukua nyundo. Noreen akaingia bandani, akalia.

Walikijenga tena kile kipande Jumamosi tatu za Aprili, bila mpiga picha, kwa ile mifuko miwili. Safari hii Gareth ndiye aliyechanganya, na Noreen akatazama kila koleo. Kisha mama akaandika barua kwa mfuko, akaeleza yote, akaomba vyeti visifutwe ila viandikwe upya kwa ukuta wa Aprili, ambao ni mzima. Jibu lilikuwa mistari mitatu: wanamshukuru kwa maoni yake, mradi umefungwa kwa mafanikio tarehe ishirini na nane Machi, kazi iliyofanyika baada ya hapo haitambuliki.

Kadi zikaja. Gareth akapita getini Mei kama fundi, kwa ukuta alioubomoa kwa mkono wake. Alifurahi, asifurahi kwa nini, lakini kila akiitoa ile kadi mfukoni huitazama tarehe na kukunja uso.

Mwezi wa sita mfuko ukaleta kibao cha shaba kipigwe ukutani: Ukuta huu umejengwa, majina manane, jina la Noreen, tarehe ishirini na nane Machi. Gareth alikuja na drili, akakisoma, akamrudishia mwalimu wake.

"Si ukuta huu," akasema.

Noreen alisimama nacho mkononi. Ukuta mmoja maisha yake yote ya ualimu, na kwenye vitabu vya mfuko haupo. Mzee Wilf alikuwa anatoka bandani na birika la moto, anatafuta mahali pa kulitua.

"Lete hapa, mzee," Noreen akasema, akakilaza kile kibao mezani, majina yakitazama chini.