Ziwa la Bi Barka

Mama yangu, Mwanamkisi, aliondoka Chundwa, kisiwani Pate, hajasimama dede sawasawa, lakini ukimsikiliza nyumbani kwetu Mkomani, mjini Lamu, ungedhani ameondoka jana. Alisifu mashamba ya tumbaku ya huko na kisima chenye maji matamu kuliko yetu, mpaka baba akawa anamtania kwamba Mungu aliumba Chundwa kwanza, kisha Lamu akaifanyia haraka. Fahari yake kubwa ilikuwa Bi Barka. Bibi yangu alifariki alipomzaa mama, na Bi Barka, binti wa jirani, ndiye aliyemlea hadi babu alipohamia Lamu. Mama hakumtaja ila kwa jina la mama wa ziwa, kama aitwavyo anayemnyonyesha mtoto wa mwingine. Kurudi kumwona hakujaaliwa. Watoto saba hawakumpa nafasi.

Halafu nikaposwa. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani. Yunusi alikuwa fundi wa mashua aliyekuja kufanya kazi Ras Kitau, na mimi nilimpenda kwa kumchungulia dirishani akipita mtaani kwetu, wala sioni haya kusema. Baba alikubali, halwa ikaagizwa. Ndipo shangazi mmoja alipouliza huyo kijana ni mwana wa nani. Akajibiwa kuwa ni kitinda mimba wa Bi Barka wa Chundwa.

Halwa haikuliwa. Ikiwa Bi Barka alimnyonyesha mama, basi Yunusi ni ndugu ya mama kwa ziwa, na kwangu mimi ni mjomba. Mjomba hamwoi mpwawe. Yunusi mwenyewe hakujua lolote, kwani alizaliwa miaka mingi baadaye. Babu alikwisha kufa, na Lamu hakuna wa kuulizwa. Baba alitaka kumtuma mtu akaulize, mama akakataa katakata. Alisema habari ya ziwa haitumwi kama salamu, atakwenda mwenyewe, na mimi nitafuatana naye.

Tulikwenda kwa mashua hadi Faza, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukapanda punda. Mama alikuwa kama mtoto siku ya Idi. Alinionyesha shamba la babu, na mkulima aliyekuwa akipalilia akatuambia kwa adabu kwamba lile ni shamba lao tangu zamani, la babu liko upande wa pili. Alinionyesha kisima, kumbe ni shimo la kuchimbia udongo. Kisima chenyewe tulikikuta mbele, na maji yake yana chumvi. Mama aliyanywa, akasema ni matamu. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana nilianza kuona kwamba kumbukumbu zake zote ni za kuambiwa.

Bi Barka alikuwa uani akipepeta mtama. Mama alipojitaja, ungo ulimponyoka, na wawili wale wakashikana wakalia. Alitukaribisha jamvini, akatulisha, akamuuliza mama habari za miaka yote. Mwishowe mama alimweleza habari ya posa, kisha akauliza.

"Nambia kweli, Mama. Nalinyonya?"

Bi Barka aliokota punje za mtama jamvini.

"Nikinena kweli takupoteza," alisema.

"Usiponena, ni mwanangu atakayepoteza."

Basi akasema. Siku zile alikuwa kijana hajaolewa, hana tone la maziwa. Mtoto alikunywa maziwa ya mbuzi. Lakini akilia, Bi Barka alimpa ziwa kavu apate kutulia, na majirani waliomwona walimcheka wakamwita mama wa ziwa. Utani huo ukasafiri na mtoto hadi Lamu, ambako babu alipokufa hapakubaki aliyejua kuwa ni utani. Habari ilipomfikia kwamba huko mama anamtaja hivyo kwa fahari, aliona raha, akanyamaza.

Mimi nilifurahi, kisha nikamtazama mama nikaona haya. Alikuwa ameinama. Neno alilojivunia maisha yake yote lilikuwa mzaha wa majirani, na mwanamke aliyemjia kwa punda na mashua hakuwa na udugu naye wa damu wala wa ziwa.

"Basi Chundwa sina mtu," alisema polepole.

Bi Barka alimshika kidevu kama mtu anavyomshika mtoto. "Wayukuu wangu watatoka tumboni mwa mwanao," alisema. "Hapo nani atakayenena huna mtu?"

Mama alifuta macho kwa ncha ya leso, akakaa sawa, akajitengeneza uso kama afanyavyo mzazi wa binti wageni wanapobisha hodi.

"Haya, Mama," alisema. "Mposee mwanao."

Nami nikaposwa mara ya pili, pale pale jamvini, vumbi la njia lingali miguuni.